Nyumba ya Kambare

Niliununua Karume, kwenye rundo la waya
na vikaango visivyo na mipini.
Muuzaji alisema ni antena ya redio ya meli.
Nikampa elfu nane, sikumsahihisha:
ufito wa vipande vinne,
mwepesi kama deni la mtu mwingine.

Nzi ninawafunga mwenyewe, usiku,
kwenye meza ya cherehani ya marehemu mama:
unyoya wa shingo ya jogoo kutoka Shekilango,
uzi mweusi, na nywele za bandia
alizoziacha Sikujua siku aliyohama
akisema halali chini ya paa lisilo na jina lake.
Nzi wangu hafanani na nzi.
Anafanana na kitu kilichoanguka majini kikajuta.

Kwetu, baba alipozikwa, sote tuliota ndevu.
Pazi anazo: ndiye mkubwa.
Mwinshehe anazo: alilipa hospitali.
Sikujua anazo, tena ndefu: aliuguza.
Na mimi, ukinitazama vizuri, ninazo.
Hati ya nyumba iko ndani ya godoro langu.

Kwa hiyo Jumapili, kikao kinapokaribia,
mimi hushika njia ya Mtongani,
kwenye shimo la kokoto lililoachwa
likanywa masika baada ya masika
mpaka likawa bwawa,
rangi ya chai ya maziwa iliyopoa.

Wenye mishipi ya chini wameshakaa.
Sabuni ya mche imekatwa vipande,
maini ya kuku yanaitisha inzi wa kweli.
"Fundi Antena! Leo unatafuta stesheni gani?"
Chande huyo. Wanacheka, nami nacheka;
wana haki. Mwezi wa kwanza nilinasa
shati la mponda kokoto lililoanikwa,
sikio langu,
na mbuzi.

Mkono nyuma. Ngoja mshipi unyooke mgongoni.
Kazi yote ni huko kungoja.
Sasa mbele:
unajikunjua juu ya maji, taratibu,
kama mtu anayekiri kosa,
na unyoya unatua kando ya mapovu
pale kambare alipopanda kuvuta pumzi
akashuka.
Uache uzame. Hesabu kumi na nne.
Vuta shubiri. Tulia.
Shubiri nyingine.

Haoni. Maji haya hata jua halioni kitu.
Ana sharubu nane, na zote nane
zinapapasa, zinauliza, zinasikiliza tope.
Nimesimama na maji magotini
nikiwaza: kumbe ndizo kazi yake.
Sisi nani alituambia ni za kutolea amri?

Kisha uzito.
Si mdokoo, si mshtuko; uzito,
kana kwamba shimo lenyewe limekumbuka jambo.
Ufito ukainama mpaka kwenye kiwiko,
mshipi ukanikata kidole, Chande akatupa sabuni yake
akaingia na suruali, akipiga kelele
"Usimpe kamba! Mpe kamba! Usimpe!"
Tukamkokota hadi kwenye changarawe,
mweusi, mtelezi, urefu wa mkono wangu,
unyoya wa jogoo pembeni mwa mdomo
kama kijiti cha meno.

Nilifika Magomeni saa moja na nusu, ndoo mkononi.
Kikao bado. Pazi amesimama,
Mwinshehe amesimama, chai imeota ngozi.
Nikaitua ndoo mlangoni nivue viatu.

Saa tatu nzima nje ya bwawa, na bado hai:
akaruka, akaangukia sakafu,
akaanza kutembea kwa mapezi,
kiwiko, kiwiko, kupita katikati ya mkeka,
juu ya risiti za hospitali, juu ya mhutasari,
akielekea uvunguni mwa kiti cha baba
ambacho tangu arobaini hakuna aliyethubutu kukikalia.

Pazi alipandisha miguu kama mtoto.
Mwinshehe alishika kanzu.
Hakuna aliyesema neno kwa muda,
tunasikia tu sharubu zikigusa saruji.

Halafu Sikujua, mikono kiunoni:
"Nazi ipo humu ndani?"