Baada ya Mvuke

Winnipeg, Januari, digrii thelathini na moja chini ya sifuri.
Dirisha limeota manyoya ya barafu kwa ndani,
hita inakohoa kando ya ukuta,
hewa ya chumba imekauka kama biskuti ya juzi.

Nimetoka kuinamia sufuria,
taulo kichwani kama mwizi aliyekamatwa,
majani ya mnanaa yakichemka, dakika kumi,
hadi kila kinyweleo kikafungua mlango
na uchafu wa wiki nzima ukatoka bila kuaga:
moshi wa mabasi, poda, jasho la barakoa,
na ule weusi wa puani uliojifanya mwenyeji.

Sasa uso ni mbichi. Ndizi iliyomenywa.
Hata ukipuliziwa neno, unawasha.

Zamani hapa ndipo nilipokuwa naharibu.
Limau na sukari, alinifunza binamu yangu Mwatime,
sugua mpaka iseme.
Ikasema kweli. Ililia siku tatu.
Nikaenda kazini na mashavu ya nyanya,
nikamkuta Bi Olha kitandani, chumba namba tisa,
miaka tisini na mmoja,
ngozi nyembamba kama ganda la kitunguu.

Nikachovya kitambaa kwenye maji ya vuguvugu,
nikamgusa paji, nikamgusa kope,
bila haraka, kama nifanyavyo kila asubuhi.
Akanitazama kwa lile jicho lake moja zima.
"Mimi unaniosha kama yai," akasema,
"wewe mwenyewe unajisugua kama sufuria.
Umejikosea nini?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa na beseni.

Basi yeye, mzaliwa wa Mtaa wa Selkirk,
binti wa mama aliyekuja na mbegu zimeshonewa pindoni mwa gauni,
akaninong'oneza dawa
kana kwamba muuguzi mkuu angeitoza kodi:
shayiri. Hiyo hiyo ya uji.
Iloweke, ikamue kwa kitambaa,
yale maziwa yake ndiyo upake,
makapi wape ndege.

Ndege gani, Bi Olha, Januari hii?
"Wapo. Wanavumilia mengi,
lakini hujamwona hata mmoja akijisugua."

Ndiyo maana usiku huu namwagia uso maji ya baridi kidogo,
si ya barafu, barafu imejaa nje bure,
na taulo linagusa tu, halifuti.
Maziwa ya shayiri, nusu kijiko cha asali,
nakaa nayo robo saa
nikiutazama mshubiri wangu kwenye kopo la rangi,
niliounua kwa Wafilipino wa pale kona,
ambao, kama mimi, haukuhadithiwa habari za theluji.
Ute wake ungenifaa.
Ila una majani matatu, na moja limejikunja.
Leo siukati. Tupone sote.

Nasuuza. Ngozi ikiwa bado na unyevu
natia mafuta ya nazi, tone moja, la pili nalirudisha chupani,
nayafungia maji ndani kama mtu afungaye mlango
wageni wakiwa wameshaondoka.
Kesho sipaki poda.
Limau nimelirudishia samaki.

Uso umeumbwa na haya, tuliambiwa tangu utotoni.
Hakuna aliyeongeza kwamba umeumbwa pia na ngozi,
na ngozi haisamehe kwa kuamriwa.
Inasamehe ikiachwa.

Saa kumi na moja alfajiri nitafunga skafu hadi chini ya macho,
nitangoja basi nikipiga miguu chini,
nitaingia chumba namba tisa nikinukia uji.
Bi Olha ataukagua uso wangu
kama fundi anayekagua lipu ya mwenzake.
"Yai," atasema.

Au hatasema. Siku nyingine hanikumbuki,
huniuliza mimi ni binti wa nani.
Hapo nitachovya kitambaa tu,
nipime maji kwa kifundo cha mkono,
nianze na paji.