Mji Uitwao Huli

Nilipomwambia mama nimepata kazi Hull
simu ilikwama kidogo, halafu akauliza:
"Huli? Mbona huli, mwanangu, huko hakuna chakula?"
Tukacheka mpaka vocha ikaisha.
Miaka kumi na moja sasa, na kila Jumapili
anaanza vilevile: "Haya, wa Huli, umekula?"

Ofisi yangu iko juu ya kiwanda cha kufulia mashuka ya hospitali.
Sakafu hutetema mashine zikikamua,
chai hujichora duara ndani ya kikombe,
nami nakata: tano kwa mia toka kwa mfanyakazi,
tatu toka kwa tajiri,
anayetoa kama mtu anayeng'olewa jino.

Haba na haba, tulifundishwa, hujaza kibaba.
Hawakutuambia kibaba kina ada ya mwaka,
kwamba hupelekwa sokoni kikapanda, kikashuka,
na mwenyewe hakishiki mpaka aote mvi.

Maureen Stathers amekunja mashuka miaka thelathini na minane.
Alipokuja kuuliza atapata ngapi kwa mwezi
alisimama mlangoni ameinama,
kana kwamba bado ameshika ncha mbili za shuka
na mwenzake wa upande wa pili hajafika.
Nilitamani kumwambia kwetu fedha hii inaitwaje:
kiinua mgongo.
Nikatazama mgongo wake. Nikatazama tarakimu.
Nikamtajia tarakimu.
"Inatosha gesi," akasema, "na paka."

Halyna wa zamu ya usiku aliingia na koti lake mwilini.
Alitaka kujitoa. Sheria inampa mwezi mmoja;
akichelewa, kilichokatwa kinabaki ndani hadi uzeeni.
Nikamweleza: ukitoka, na ile tatu ya tajiri
unaiacha mfukoni mwake.
Alisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, akasema:
"Mwanangu anavaa viatu vya leo."
Nikampa namba ya kupiga. Mimi siruhusiwi kumtoa,
wala kumsukuma.

Droo ya chini ni ya Keith Blenkin.
Aliacha kazi mwaka tisini na nne, akahama, akahama tena.
Pauni elfu sita na kitu zinamngoja,
zinazaana polepole kama sungura wasio na haraka.
Kila mwaka namwandikia; kila mwaka bahasha inarudi
na mwandiko wa mtu mwingine: hayupo hapa.
Mara moja waliongeza: msituulize tena.

Mimi mwenyewe?
Mimi nilijitoa.
Mwezi wa kwanza, kimya kimya, nilipiga namba ileile
nikiwa kwenye ngazi, wakati wa chakula cha mchana.
Mabati ya nyumba ya mama, Korogwe, yalikuwa yanavuja,
na mvua haisubiri mtu astaafu.
Baadaye ikawa ada ya mdogo wangu. Baadaye ukuta.
Kila baada ya miaka mitatu sheria huturudisha zizini
sote tuliotoroka,
na kila mara nimeruka ua.

Juzi nilichapa barua za waliorudishwa. Nne.
Ya tatu ina jina langu. Nikajiita "Mpendwa",
nikajieleza faida, nikajitilia sahihi,
nikainuka, nikazunguka meza, nikajikabidhi.
Nina siku thelathini. Leo ni ya kumi na tisa.

Jumapili mama alipiga. Nyuma yake mvua
ilikuwa inapiga bati na kupita kwenda zake.
"Haya, wa Huli. Umekula?"
Nikasema nimekula.
Kisha nikasema: mama, kuna pesa fulani
ambayo, nadhani, safari hii sili.
Akanyamaza. Nikadhani vocha.
"Kwani ni ya nani?"
"Ya kikongwe mmoja," nikamwambia.
"Bado hatujajuana."