Namba ya Heini

Jina halipo kwenye kioo, ni namba tu,
lakini Tórshavn ni mji mdogo
na namba hii niliiona juzi
kwenye ukanda wa hospitali, mkononi mwa kaka yangu,
alipovua glavu kwa meno
maana mkono wa pili ulishika tumbo.

Kanuni yasema nimwachie mwenzangu.
Nitamwachia. Kwanza natazama.

Zambarau. Waridi. Hadubini inatulia.
Vitezi vya utumbo, vilivyopaswa kusimama
kama vidole vya glavu mpya,
vimepinda, vimefupika,
na ndani yake wamejazana neutrofili,
viini vyao vipande vitatu vitatu,
wenye haraka, wasiomaliza juma,
waliokuja kufa pasipo na vita.
Pembeni limfosaiti, vitone vyeusi, kimya.
Hawa ndio wanaokumbuka.
Wanakumbuka nini?
Pengine kijidudu kilichopita utotoni.
Pengine mkate.
Pengine hakikupita kitu.

Namtafuta mvamizi, pembe hadi pembe.
Hayupo.

Aliniuliza kwa simu, upepo ukimla maneno:
"Ni maji? Ni ile nyama tuliyoianika?
Nani kaniingilia, Rannvá?"
Kikulacho ki nguoni mwako,
na hapa, kaka, nguo yenyewe imeota meno.

Nikamkumbuka Kátur, mbwa wake,
miaka sita akilinda kondoo mteremkoni,
hata asubuhi moja ya ukungu akaonja.
Hakugeuka mnyama mwingine.
Alishuka na mkia ule ule akiutikisa,
mdomo mwekundu,
akingoja kusifiwa.
Heini akaenda naye nyuma ya zizi,
akarudi peke yake,
na chai hakuinywa.

Hawa hawapelekwi nyuma ya zizi.
Bila wao, kikohozi cha kwanza cha Oktoba kingemzika.
Jumatatu watamtundikia mfuko wa dawa,
tone, tone,
isiyowaua, ila kuwafungia mlango wa utumbo,
wabaki wakizunguka kwenye damu
na hasira yao isiyo na anwani.
Huenda ikafaa. Nimeona ikifaa.
Nimeona pia isifae.

Natoa kioo. "Sólvá, hiki ni chako," nasema,
naye haulizi.

Vidole vyangu vina joto la taa.
Baba mmoja, mama mmoja:
ndani yangu nao wapo,
wanapita, wanapita,
bado hawajasema kitu.