Fomu ya Kuridhika

Swali la kwanza linataka namba, moja hadi tano.
Nesi Ivalu ananisomea. Dawa ya kupanua mboni haijaisha,
herufi zote ni mbu wa Julai.
Andika nne, namwambia.
Mbona si tano?
Subiri, mwanangu, tutafika.

Zamani nilisafiri mwenyewe:
helikopta, kisha ndege, kisha hosteli ya wagonjwa
yenye mapazia ya rangi ya maini.
Dakika kumi na moja mbele ya daktari.
Halafu ukungu ukaukalia uwanja wa ndege siku tisa,
na huku nyumbani Enok akazikwa bila mimi,
akafunikwa kwa mawe, maana ardhi yetu haichimbiki.
Macho yangu yalipimwa, yakaambiwa ni mazima.
Hayakumwona.

Leo nimekuja kwa miguu, hatua mia mbili,
mbwa wa Malik wakinibwekea njia nzima.
Nimeweka kidevu kwenye kikombe cha plastiki.
Mwanga ukapiga, kisha giza lenye ua jekundu,
na picha ya ndani ya jicho langu
ikaenda kusini bila koti.

Baada ya vikombe viwili vya kahawa
Daktari Tukummeq akatokea kwenye skrini, yuko Nuuk,
sauti ikichelewa nyuma ya midomo
kama mbwa mchovu nyuma ya wenzake.
"Mishipa miwili inavuja. Ni ile sukari. Lakini tumewahi."
Akanionyesha: chungwa lenye mito.
Husemwa asiyekuwapo na lake halipo.
Huyu hakuwapo, na lake lilikuwapo,
lilipita mlangoni mwa mboni bila kubisha.

Muda wa kusubiri: tano.
Lugha: tano, alisema nami kama binti wa dada yangu.
Usiri: tano, ingawa kijiji kizima kinajua nimo humu.

Basi ile nne?
Yule wa zamani alinishika kidevu kwa mkono.
Kiganja kilinukia sabuni, kilikuwa na joto.
Kikombe hiki ni baridi. Andika hilo.
Ivalu anageuza karatasi, anatafuta kisanduku,
hakipo. Anaandika pembeni, kwa wino wa buluu:
*kikombe baridi.*

Usiku, mboni zikisharudi kwao,
nitaushika uzi wa kano, nitalitafuta tundu la sindano.
Kiatu kimoja cha mjukuu bado hakina soli.