Jengo Liko Wapi?

Jopo liliketi saa nne kasorobo,
watatu na birika la chai,
na Bwana Midigo akagonga mchoro wangu kwa kifuniko cha kalamu:
"Jengo liko wapi?"

Maana nilikuwa nimechora vivuli.
Vinne, kwa penseli laini:
saa mbili, saa sita, saa tisa, saa kumi na moja,
na ndani ya kila kimoja kigoda kilekile.

Kigoda ni cha Apondi, muuza omena, soko la Kibuye.
Nilimfuata Jumapili tatu na futi ya fundi cherehani.
Sikupima duka, duka hana;
nilipima safari ya kigoda.
Saa mbili kiko ubavuni mwa makochi ya maseremala,
saa sita kimejibana chini ya turubai la mwenye ndoo
(shilingi kumi, na masimango juu),
saa tisa kimehamia ukutani,
na mawingu yakishuka kutoka milima ya Nandi
Apondi hufunika beseni kwa gunia, akasimama tu.
Hatua mia moja na kumi na nane kwa siku,
mzigo kichwani.
Omena wamekwisha kukauka. Anayekauka ni yeye.

Nikaliambia jopo: linaanzia hapo.
Sauti yangu ilikuwa nyembamba kama kadibodi.
Nikasema jua la Kisumu halina upande mmoja,
Juni hupita kaskazini, Desemba huhamia kusini,
Machi hukukanyaga utosini,
kwa hiyo paa lishuke pande zote kama ukingo wa kofia,
na ukuta ukipungua si hasara, ni upepo.
Nikaitaja ile benki mpya, vioo vitupu, uso magharibi:
saa tisa makarani huteremsha mapazia
kisha huwasha taa,
wakinunua tena mchana waliopewa bure.

Halafu nikafika kwenye ufa.

Uko kwenye ukuta wa soko, upande wa barabara.
Mara tatu umezibwa kwa saruji,
mara tatu umefunguka usiku, na hakuna aliyeona mtu.
Kingo zake zimelainika kwa mabega
kama mpini wa jembe la kurithi.
Sentimita sitini na mbili:
upana wa mama na kikapu, akipita upandeupande.
Mimi nimeuchora mita mbili na nusu.
Nimeuwekea paa. Pembeni nimeweka baraza
kwa maana zake zote mbili,
la kukalia na la kusemezana.

"Wahenga," akasema Bwana Midigo, "walisema nini kuhusu ufa?"
Wakacheka, hata yule wa birika.
Nikajibu kabla sijafikiri:
wahenga walikuwa na nyumba, bwana, hawakuwa na soko.

Hamsini na mbili kwa mia.
Wino mwekundu: *mawazo mengi, kuta chache.*

Jumapili nikaubeba mfano wangu hadi Kibuye,
kadibodi na gundi, nguzo za vijiti vya mishikaki,
nikaulaza juu ya gunia, karibu na beseni.
Apondi akainama. Akaingiza kidole kwenye ufa,
akakitoa upande wa pili, akatabasamu.
Akatafuta kigoda chake, akakiona, chembe ya karatasi.
Akazunguka paa lote, polepole, kama mnunuzi asiye na haraka.

"Na choo?"

Choo kiko ng'ambo ya barabara, nikasema, kile cha kulipia.
"Najua kilipo," akasema. "Beseni atalilinda nani?"

Nilikuwa nimehesabu kila hatua aliyoipiga.
Zile ambazo hakuzipiga, Jumapili tatu,
tangu alfajiri hadi giza, miguu ameibana,
futi yangu haikuziona.

Mteja akaja, akataka gorogoro moja.
Nikasogeza mfano kando, juani,
gundi ikaanza kulainika kwenye pembe ya kaskazini,
nikatafuta wembe mfukoni.