Uliokolea au Mweupe

Jumatatu, Besançon, maduka mengi ya mikate hulala.
Sikulijua hilo. Mimi hula mkate wa plastiki,
ule wa vipande, unaokaa wiki nzima bila kuzeeka,
nao ulinitosha mpaka Anselme alipoletwa kwangu
na begi lenye pajama mbili na soksi moja.
Mama yake, wifi yangu, alikuwa hospitali, amelazwa chali,
akiambiwa asubiri. Mtoto wa pili alitaka kuja kabla ya saa yake.
"Shangazi," akaniambia asubuhi, "huu thi mkate. Huu thponji."
Ana miaka sita, na pengo la meno mawili mbele.

Basi tukatoka.

Duka la kwanza lilikuwa la vioo na dhahabu,
keki zimepangwa kama vito vya bibi harusi,
na kibao: Usiguse kioo. Pua ya Anselme ilikuwa imeshagusa.
Kizuri chajiuza, nikawaza, na hiki kina mabango matatu nje.
Tukaondoka, tukaacha doa la pumzi.

La pili, lori lilikuwa likishusha maboksi:
vimkate vya hilali, vimeganda kama mawe ya mto.
La tatu limefungwa.
La nne limefungwa.
La tano siku hizi ni benki.
Mvua ikaanza, ile nyembamba isiyostahili mwavuli
ila hujua njia ya shingoni.
"Turudi kwenye sponji," nikasema.
Hakunijibu. Alikuwa amesimama juu ya wavu wa chuma
kando ya njia, hewa ya moto ikimpanda kutoka chini ya ardhi,
koti limevimba kama andazi kwenye mafuta.
"Wako hapa chini," akasema.

Macho hayana pazia, wanasema.
Pua haina hata mlango.

Tukauzunguka ukuta. Kichochoro, na duka jembamba kama kabati.
Bibi Josserand, unga kwenye nyusi moja tu,
hakuniuliza mimi. Aliinama hadi usawa wa pengo:
"Uliokolea au mweupe?"
Siku nne tulikuwa tukimwambia kaa, ngoja, kula, lala.
Hakuna aliyemuuliza kitu. Akafikiri.
Foleni ikarefuka nyuma yetu, mzee mmoja akakohoa makusudi.
"Uliokolea. Lakini thina meno."
"Masikio unayo," Bibi akajibu,
akamwekea bageti sikioni kama simu.
Ganda lilikuwa likipoa, likipasuka taratibu, ti, ti, titi,
na Anselme akafumba macho.
"Unasemaje?" nikamuuliza.
"Unathema ngoja kidogo."

Yeye hakungoja. Alitafuna kwa magego, kichwa upande,
na tulipovuka daraja la Doubs ncha moja haikuwepo,
tulipofika kwangu nilibeba mfuko wa karatasi
na theluthi ya mkate.
Ncha ya pili hakuila. Aliitia mfukoni.

Ikakaa humo Jumanne. Jumatano. Alhamisi jioni,
ghorofa ya tatu, wifi yangu amekaa kitako hatimaye,
kitu chekundu kidogo kifuani pake,
kaka yangu Thibaud analia dirishani bila haya.
Anselme hakumtazama mtoto kwanza.
Alitoa ncha, ngumu kama kisigino, imenasa uzi wa buluu,
akaiweka kwenye sikio la mama yake.
Ilikuwa imenyamaza kabisa. Mimi nilijua.
Wifi yangu akasikiliza, akasikiliza,
kisha akaiuma,
ikalia mpaka muuguzi akageuka.