Kitabu cha Ushuru

Banda hili lilikuwa la korosho.
Ukikwaruza ukuta kwa kucha bado linanuka mafuta ya ganda,
yale yaliyomchuna mama vidole
hata siku ya kitambulisho mashine ikakataa alama zake.
Leo nimekaa alipokaa, dirisha la pili, upande wa Chikongola,
na pasi ya kulehemu mkononi,
naunga seli kwa seli kwa utepe mwembamba kuliko ukili.
Risasi ikidondoka, inaunguza.
Mama akiviona vidole vyangu hucheka kidogo:
"Somoe, kumbe umerithi."

Siku ya uzinduzi walileta mkasi juu ya mto mwekundu.
Mheshimiwa akasema viwanda, akasema vijana,
akasema kusini si pembe ya mwisho ya ramani tena.
Tukapiga vigelegele vya kweli, sikufichi.
Utepe alioukata niliuokota, nikamfungia mwanangu nywele.

Kisha likaja kontena.

Lilikaa bandarini siku arobaini na moja.
Mfaume Nandonde, mhasibu wetu, alikwenda na faili, akarudi na mafaili.
Jioni akatusomea kitabu cha ushuru
kama asomaye wasia wa marehemu asiyempenda:
kioo kina kodi, maana kioo ni cha dirisha;
fremu ya alumini ina kodi, maana ni ya mlango;
plastiki ya kufunikia seli haijulikani ni nini,
basi ilipiwe mpaka ijulikane.
"Na paneli nzima," akauliza Esha, "iliyokwisha kuundwa huko huko?"
Mfaume akavua miwani.
"Hiyo haina. Hiyo ni nishati safi. Imesamehewa."

Nimlaumu nani?
Aliyeandika msamaha alimfikiria mkunga wa Kitaya
anayezalisha kwa tochi ya simu aliyoing'ata kwa meno.
Aliyeandika kodi ya kioo alilinda kiwanda cha kioo.
Wote wawili wamo jengo moja, ghorofa tofauti,
na lifti, nasikia, ni mbovu.

Hesabu hii sisi tunaijua.
Korosho hutoka hapa na ganda lake,
huvuka maji, hubanguliwa,
huturudia ndani ya pakiti inayong'aa, bei yake ya kuuliza tu.
Gesi nayo iko hapa hapa chini,
na juzi umeme ulikatika mashine ikiwa katikati ya kupika,
paneli sita zikatoka na mapovu kama uji uliosahaulika.
Kiwanda cha jua, gizani.
Tulicheka. Tufanyeje?

Mtaka cha mvunguni sharti ainame.
Tumeinama miaka miwili.
Mgongo sasa unauliza kama kitanda hiki kina mvungu.

Jumamosi nilikwenda Newala kumsalimia mama.
Juu ya bati lake, paneli mpya.
Si yetu.
"Ya dukani kwa Chitanda," akasema, macho pembeni.
"Yenu ilizidi elfu thelathini na tano, mwanangu. Niliuliza mara mbili."
Alikuwa amewasha taa ya sebuleni mchana kweupe, ili niione.
Nikapanda ngazi, nikaipangusa vumbi kwa pindo la khanga.
Nilitafuta kosa, Mungu anisamehe:
utepe uliopinda, povu, hata alama ya kucha.
Kazi safi. Mstari kwa mstari.
Mtu mwenye subira aliishona, mahali nisipopajua,
labda naye ana vidole kama hivi.
Nikakaza skrubu iliyolegea, nikashuka, nikala ugali wa mama.

Leo Mfaume kabandika barua mlangoni:
ombi lenu limepokelewa, linafanyiwa kazi.
Chini yake Esha kaandika kwa penseli:
heri lenyewe lina kazi.

Boksi la mwisho liko mbele yangu.
Paneli moja inataka seli thelathini na sita.
Zimo thelathini na moja.
Nahesabu tena, polepole,
labda kuna zilizoshikana.